Somo: Kumtambua Kigogota wa Mombasa

Mlaji anayelipia matembezi ya kutazama ndege hununua ahadi. Mgeni aliyefika Tongoni kuzuru magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo aweza kuuziwa pia safari ya msituni kumwona kigogota wa Mombasa. Ndege huyu, mwenye urefu wa takriban sentimita 20, hupatikana tu kuanzia kusini mwa Somalia, kupitia pwani ya Kenya, hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania. Ufinyu wa makazi hayo ndio humpa thamani. Asiyezijua alama zake aweza kuonyeshwa ndege mwingine, naye akalipa bei ileile.

Alama za kutazama

1. Kifua. Kigogota wa Mombasa ana kifua cheupe chenye michirizi myeusi inayoshuka kuelekea tumboni. Ukiona madoa badala ya michirizi, huyo si wa Mombasa; huenda ni kigogota mgongo-kijani.

2. Mgongo. Wake ni wa kijani cha dhahabu, wenye vidoa vidogo vyeupe. Kigogota kadinali naye ana michirizi kifuani, lakini ni mdogo zaidi, mgongo wake una mistari ya kukingama, na paji lake ni la kahawia.

3. Kichwa. Dume na jike wa Mombasa wote wana kisogo chekundu. Dume ana pia wekundu utosini na mstari mwekundu kando ya mdomo, mfano wa sharubu. Jike wa kadinali hana wekundu wowote kichwani.

Sauti ya kugonga mti pekee si ushahidi; vigogota wengine pia hugonga.

Haki na wajibu wako

Kabla ya kulipa, omba kuona leseni ya mwongoza watalii, na udai risiti inayotaja ndege mliyekubaliana. Uliza pia masharti iwapo hataonekana. Mwongozaji mwaminifu huahidi kumtafuta, wala hakuhakikishii kumwona, kwa kuwa ndege ni wa porini. Kutomwona si kutapeliwa. Kuonyeshwa mwingine kwa jina lake ndiko kutapeliwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Ukipotoshwa, hifadhi risiti na picha, kisha wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani.