Mikono ya Kazi na Vinywa vya Kulishwa: Somo Juu ya Hesabu ya Watu wa Kenya

Watu wengi wakisikia kwamba hesabu ya watu imekwisha fanywa, huuliza neno moja tu: Je, jumla yake ni wangapi? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mfugaji mwenye busara hahesabu kundi zima akaishia hapo, bali hutaka kujua pia ndama ni wangapi, ng'ombe wa kukamuliwa ni wangapi, na waliozeeka ni wangapi. Vivyo hivyo nchi yapasa kujua ni watu wangapi walio na umri wa kufanya kazi, na ni wangapi wanaowategemea hao.

MAFUNGU MATATU

Wataalamu wa hesabu huwagawa watu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la watoto walio chini ya miaka 15. Fungu la pili ni la watu wa miaka 15 mpaka 64, nao ndio waitwao watu wa umri wa kazi. Fungu la tatu ni la wazee wa miaka 65 na zaidi.

Si kwamba kila mtu wa fungu la pili ana kazi. Wengine wangali shuleni, wengine ni wagonjwa, na wengine huitafuta kazi wasiipate. Tena wako wazee wengi wa miaka 70 ambao hulima bado. Hata hivyo mgawanyo huu wafaa, kwa kuwa huonyesha uzito wa mzigo na nguvu za mabega yanayouchukua.

MZIGO ULIVYOKUA

Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba watu wa Kenya walikuwa kiasi cha milioni 5.4. Mwaka 1979 walikuwa milioni 15.3, na mwaka 2019 walifika milioni 47.6. Sababu kubwa ya ongezeko hilo ni kupungua kwa vifo vya watoto. Chanjo, zahanati na maji safi viliwaokoa wengi ambao zamani wangalikufa wachanga, na huku uzazi ukaendelea kuwa mwingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa, kwa wastani, watoto wanane.

Basi mwaka 1979 karibu nusu ya watu wote walikuwa watoto chini ya miaka 15. Ukiwaongeza wazee, kila watu 100 wa umri wa kazi walikuwa na zaidi ya watu 100 wa kuwategemea.

MZIGO ULIVYOPUNGUA

Serikali ilianzisha mpango wa uzazi mwaka 1967, lakini mabadiliko makubwa yalionekana katika miaka ya 1980. Wasichana wengi walikuwa wamesoma. Wazazi waliona kwamba watoto wao huishi. Mashamba yalikuwa yamegawanywa yakawa vipande vidogo. Na gharama za shule zililemea. Mwaka 1998 wastani ulikuwa umeshuka hadi watoto 4.7. Ulisimama hapo kwa miaka kadhaa, kisha ukaendelea kushuka, na mwaka 2022 ulikuwa 3.4.

Matokeo yake yalionekana katika hesabu ya mwaka 2019. Katika kila watu 100, watoto walikuwa 39, watu wa umri wa kazi 57, na wazee 4. Yaani kila watu 100 wa umri wa kazi walikuwa na watu 75 tu wa kuwategemea.

Faida yake ni rahisi kufahamu. Baba na mama wenye watoto wanane hutumia mapato yao yote kwa chakula, nguo na karo, wala hawabakizi kitu. Wenye watoto watatu, kwa mapato yale yale, waweza kuwasomesha wote na kununua ng'ombe wa maziwa au cherehani. Lililo kweli kwa nyumba moja ni kweli kwa nchi nzima.

MLANGO HAUKAI WAZI DAIMA

Lakini mikono mingi bila kazi si utajiri. Kijana aliyehitimu akakaa bure hula akiba ya wazazi wake kama mtoto. Katika Kenya, watu wanane hivi katika kila kumi wanaofanya kazi nje ya kilimo kidogo wamo katika kazi za jua kali, ambazo mara nyingi hazina mshahara wa hakika wala malipo ya uzeeni. Tena mzigo haukupungua sawasawa kila mahali: mwaka 2022 wastani wa uzazi Nairobi ulikuwa 2.5, na Mandera 7.7.

Nchi ya Japani ni mfano wa yale yanayofuata. Uzazi ulipungua huko upesi baada ya mwaka 1950, na kwa miaka mingi watu wa kazi wakawa wengi kuliko wategemezi. Wajapani waliitumia nafasi hiyo kujenga viwanda na kuweka akiba. Watu wao wa umri wa kazi walifikia kilele karibu na mwaka 1995, wakiwa zaidi ya milioni 87. Tangu hapo wamepungua, na sasa zaidi ya robo ya watu wote ni wazee. Japani ilizeeka ikiwa tajiri. Nchi itakayozeeka kabla ya kupata mali itakuwa na taabu kubwa zaidi.

Jambo moja ni la kutia moyo. Mvua hakuna aijuaye mwakani itakuwaje, lakini watu wa kazi huonekana tangu mbali. Wote watakaotimiza miaka 20 katika mwaka 2040 walikwisha zaliwa kufikia mwaka 2020. Hesabu yao inajulikana, na shule wanazosoma zinajulikana. Basi viwanda, vyuo vya ufundi na mashamba ya kuwapa kazi havipaswi kungojea mpaka wabishe hodi. Akiba haiozi, na matayarisho ya mapema ndiyo akiba ya nchi.