Kifurushi Kisichoingia Sandukuni

Hifadhidata ya ufunguo na thamani ni faili tu kwenye diski: unaipa ufunguo, inakurudishia ulichokiweka. Ken Thompson aliandika dbm kwa ajili ya Unix mwaka 1979, na ukoo wake ukazaa ndbm, sdbm na gdbm. Ni nyepesi, mpaka siku inapokutana na rekodi kubwa.

Swali: Programu yangu inatumia sdbm. Imehifadhi rekodi fupi kwa miezi, lakini juzi nilipoweka maelezo marefu ya mteja ilikataa. Kwa nini?

Fikiria masanduku ya posta. Barua inaingia, kifurushi hakiingii, hata kama ukuta mzima una masanduku matupu. Faili ya sdbm imegawanywa katika kurasa za baiti 1,024, na rekodi haiwezi kuvuka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Ufunguo na thamani kwa pamoja visizidi baiti 1,008.

Swali: Mbona hata rekodi ya baiti 600 huweza kukataliwa?

Kwa sababu ina majirani. Programu hukokotoa namba kutokana na ufunguo, na namba hiyo ndiyo inayochagua ukurasa. Ukurasa ukijaa hugawanywa, rekodi zitawanyike. Lakini funguo mbili zikitoa namba ileile haziachani, hata ugawanye mara ngapi. Rekodi mbili za baiti 600 hazienei humo. Sdbm hujaribu kugawanya mara 10, kisha hurudisha kosa.

Swali: Nihamie wapi?

Gdbm haina kikomo hicho. Berkeley DB nayo hufanya kama karani wa posta: kifurushi huwekwa kwenye kurasa za ziada, sandukuni kikabaki kikaratasi cha kuonyesha kilipo. Watumiaji wa Python wawe macho: moduli ya `dbm` huchagua yenyewe maktaba iliyopo kwenye kompyuta, na nyaraka za Python zinaonya kwamba ndbm ya macOS inaweza kuharibu faili ukiipa thamani kubwa. Taja unachotaka waziwazi: `dbm.gnu`, au `dbm.sqlite3` iliyoingia katika toleo la 3.13.

Swali: Na kama siwezi kuhama?

Kata rekodi vipande: `mteja7:1`, `mteja7:2` na kuendelea. Vipande vya baiti 400 ni salama kuliko vya 900, kwani viwili vikigongana bado vitaenea ukurasa mmoja. Kisha andika rekodi kuu yenye idadi ya vipande na urefu wa jumla, na hii iandikwe mwisho. Programu ikifa katikati ya kazi, msomaji hataona rekodi kuu, hivyo hatapewa nusu ya habari akidhani ni nzima. Unapobadilisha rekodi, vipande vipya vipe funguo mpya, geuza rekodi kuu, ndipo ufute vya zamani.

Swali: Picha na hati zilizoskaniwa je?

Ziache nje, kwenye folda. Ndani weka njia ya faili, ukubwa wake na namba ya kuhakiki kwamba haijabadilika. Waundaji wa SQLite walipopima mfumo wao waligundua kuwa vitu vya chini ya takriban kilobaiti 100 husomeka haraka zaidi vikiwa ndani ya hifadhidata. Vikubwa zaidi, nje. Mpaka huo ni wa SQLite, si wa sdbm, lakini unakupa pa kuanzia.

Swali: Kosa gani unalikuta mara nyingi?

Kutosoma jibu. Katika lugha ya C, amri ya sdbm ya kuhifadhi hurudisha sifuri ikifaulu na namba hasi ikishindwa. Mwandishi wa programu asipoiangalia, kifurushi hubaki mlangoni mwa posta na kila mtu anaamini kimefika. Habari huja siku mteja anapokiulizia.