Njia ya Yeriko na Aliyesimama

Kikundi cha kujifunza Biblia cha Kangema kinasoma Luka 10, mfano wa Msamaria aliyesimama kumsaidia msafiri aliyejeruhiwa na wanyang'anyi njiani kwenda Yeriko, baada ya kuhani kumpita. Mwalimu wa Agano Jipya anawajibu.

Mwalimu, sisi huku tumezoea miteremko. Hii ya kwenda Yeriko inatisha kwa nini?

Yerusalemu iko mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, Yeriko mita 250 hivi chini ya usawa huo, na kati yao ni kilomita 27 tu. Tena ni jangwa. Mawingu ya Mediterania humwaga mvua magharibi mwa milima, upande wa pili ukabaki mkavu, jinsi Kieni inavyokauka huku Kangema ikichuma chai. Zamani hizo mashamba na maboma yalikuwa haba, kwa hiyo ukipiga nduru hapakuwa na wa kukusikia. Hata enzi za Vita vya Msalaba, watawa-askari wa Templa walijenga ngome pale kuwalinda mahujaji.

Kuhani si aliogopa kujinajisi kabla ya ibada?

Hilo husemwa sana mimbarini, nami silikubali. Luka anasema alikuwa akishuka, yaani hekalu ameshaliacha nyuma. Naona hofu: huenda wanyang'anyi bado wako karibu. Martin Luther King, aliyewahi kupita huko kwa gari na mkewe, aliwaeleza watu wa Memphis hivyo tarehe 3 Aprili 1968. Kesho yake akauawa. Na Msamaria alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa, maana alikuwa ugenini, kati ya watu wasiopatana na kabila lake. Hata hivyo alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, yeye akabaki kwenda kwa miguu palepale penye hatari.

Wakristo wa kale waliuelewaje mfano huu?

Origeni, karne ya 3, anaeleza kwamba msafiri ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni dunia, Msamaria ni Kristo na nyumba ya wageni ni Kanisa. Tafsiri hiyo inalisha imani, lakini majeruhi akiwa fumbo tupu tunaisahau damu yake.

Njia ingalipo?

Ipo, kando ya bonde la Wadi Qelt. Monasteri ya Mtakatifu George, iliyoharibiwa Waajemi walipovamia mwaka 614 na kujengwa upya mwishoni mwa karne ya 19, ingali imeng'ang'ania jabali.

Nasi tukimkuta mtu ameumizwa usiku?

Someni hadi mstari wa 35. Msamaria hakubeba mzigo peke yake: alimkabidhi mwenye nyumba, akatoa dinari 2, ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Basi iteni vijana wa bodaboda, tafuteni mwenye gari, na kesho yake mfike hospitalini kuuliza bili imefika ngapi.