Mwache Apande Mwembe

Neno letu "hatari" limebeba mizigo miwili, na walimu wengi tunaponzwa hapo. Tawi lililo juu ni hatari. Tawi lililooza ndani huku gome likionekana zima nalo ni hatari. Lakini la kwanza mtoto analiona: anapima, anasita, anajaribu mguu mmoja, akishindwa anashuka. La pili halioni. Hilo mimi naliita mtego, na kazi ya mtu mzima ni kutegua mitego, si kukata mwembe.

Mtafiti wa Norway, Ellen Beate Hansen Sandseter, mwaka 2007 aliigawa michezo ya kuthubutu katika mafungu 6: kupanda juu, mwendo kasi, vifaa vyenye makali, kucheza karibu na maji au moto, mieleka, na kwenda mbali na macho ya wakubwa. Ukiisoma orodha unacheka, maana ni Jumamosi ya kawaida uswahilini: tairi mteremkoni, kombolela mpaka giza liingie. Mwaka 2011 yeye na Leif Kennair walieleza kwamba mtoto anayekutana na kinachomtisha kidogo kidogo, kwa kiasi anachokimudu, huizoea hofu. Anayezuiwa kabisa anaweza kukua nayo.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuta shule iliyopiga marufuku kupanda miti. Watoto walipanda vilevile, ila nyuma ya madarasa, harakaharaka, bila mtu wa kuwaangalia. Sasa hapo usalama umeongezeka wapi?

Mwalimu wa zamu anaogopa, na namwelewa. Mtoto akivunjika mkono, mzazi haulizi nadharia, anauliza ulikuwa wapi. Na uwanja wenye mamia ya watoto si mchezo, jamani. Ndiyo maana kazi inaanza kabla ya kengele ya mapumziko: zunguka uone misumari, chupa zilizovunjika, shimo lisilo na mfuniko, tawi bovu. Maji ya kina bila mtu mzima hayo ni mtego, hakuna mjadala.

Baada ya hapo simama karibu. Usimnyanyue mtoto kumweka kwenye tawi ambalo hajalifikia mwenyewe; aliyepanda kwa mikono yake ndiye anayeijua njia ya kushukia. Akikwama, usipige kelele "Utaanguka!" Atatetemeka zaidi. Muulize taratibu: "Mguu wako sasa utauweka wapi?"