Kiuno Kikiuma: Kuanzia Siku ya Kwanza Hadi Mwezi wa Nne

Kiuno kikikamata ghafla, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa. Tulia kwanza, kwa sababu kinachomfaa aliyeumwa jana kinaweza kumdhuru anayeumwa tangu mwaka jana.

Hatua ya 1: Angalia dalili za hatari. Ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, haja kubwa isiyozuilika, miguu kuishiwa nguvu: nenda hospitali usiku huohuo. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa naye asisubiri. Homa, kukonda na kutokwa jasho usiku vinataka vipimo mapema, maana kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo bila mgonjwa kukohoa.

Hatua ya 2: Hesabu muda. Maumivu mapya ni onyo la mwili, na mengi ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki 6. Yakipita miezi 3 huitwa sugu. Hapo mara nyingi mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kupiga kelele hata jeraha likiwa limepona. Hujifanyi, unaumwa kweli.

Hatua ya 3: Usijilaze. Siku moja mbili za kupunguza kazi zinatosha. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, kisha tembea, hata kama ni kuzunguka uani tu.

Hatua ya 4: Ijue dawa kwa jina. Vidonge vilivyokatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye bahasha ya kaki visikuridhishe. Uliza jina na uandike. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, hivyo usivichanganye. Vinywe baada ya kula, na umwone daktari kwanza kama una vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha au ujauzito. Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye afya. Mwenye ini bovu, mnywaji wa pombe au mtu mwembamba sana apunguziwe. Soma vizuri, kwani vidonge vingine vya maumivu tayari vina parasetamoli ndani.

Hatua ya 5: Kwa maumivu sugu, gawa kazi. Hapa ndipo watu wanapojiumiza. Mama anaamka na nafuu, anafua nguo za wiki nzima ameinama juu ya beseni, kesho yake hanyanyuki. Pandisha beseni juu ya meza, fua nguo chache, pumzika kabla maumivu hayajaanza, kisha endelea. Kama dakika 10 za kutembea ndizo zinazokuumiza, anza na 7 kila siku, siku nzuri na siku mbaya, uongeze kidogo kila wiki. Watoto wanaosema, "Mama, kaa tu, tutafua sisi," wana huruma, ila kukaa siku zote kunadhoofisha misuli.

Hatua ya 6: Omba rufaa ya fiziotherapia. Mtaalamu atakuonyesha mazoezi yanayokufaa. Mweleze pia kama hulali au una mawazo mengi, kwani vyote viwili huzidisha maumivu.

Siku ya kliniki beba kila dawa unayotumia, za mitishamba zikiwemo. Daktari hawezi kukukinga na dawa asiyoijua.