Chapati za Noeli: Nani Hulipa Gharama?



Majilio yakifika, swali moja huingia katika nyumba zetu nyingi hapa Lodwar na kule Kakuma: Je, Noeli hii tupike wenyewe, au tununue chakula kilichokwisha kupikwa? Laonekana kuwa swali dogo la jikoni. Lakini katika miaka yangu ya kufundisha katekisimu nimewaona mume na mke walioshika mkono mmoja kanisani usiku wa mkesha, na kesho yake hawasemezani. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni chapati, au ni deni la hoteli. Ugomvi huo nimeukuta pia katika nyumba za majirani, lakini niliuona kwanza nyumbani mwangu. Ndiyo maana leo nataka tufanye hesabu pamoja.

NILIKOSEA MARA MBILI

Mwaka wa kwanza wa kosa langu tulikuwa Lodwar. Nilimwambia mama watoto kwa sauti ya mtu anayejua: "Hatununui kitu. Chakula cha nyumbani ni rahisi." Nilileta unga, mafuta na sukari, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Wageni walikuwa kumi na wanne. Usiku ule wa mkesha mimi nilikuwa kanisani mapema, nikiwapanga watoto wa maigizo na kuwakumbusha wasomaji zamu zao. Misa ilipoanza nilitazama upande wa akina mama. Mahali pa mke wangu palikuwa wazi.

Nilirudi nyumbani baada ya saa sita usiku. Nilimkuta mbele ya jiko, macho mekundu kwa moshi, sinia la chapati limefunikwa kwa kitambaa. Nilisema, "Mama, Misa ilikuwa nzuri sana." Alinitazama kwa muda, kisha akajibu polepole: "Baba watoto, uliniambia chakula cha nyumbani ni rahisi. Ni rahisi kwako."

Sikuwa na jibu. Mimi niliyewafundisha wengine kwamba Mwana wa Mungu amekuja kukaa nasi, nilimwacha mke wangu peke yake jikoni usiku ule ule.

Mwaka uliofuata kazi ilitupeleka Kakuma, nami nikataka kurekebisha kosa langu. Huko, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, biashara ya chakula imekua sana. Kuna mikahawa ya Waethiopia yenye injera, kuna pilau na sambusa za Wasomali, kuna akina mama wa Kiturkana wenye mandazi na chai. Niliagiza kila kitu: nyama iliyopikwa, pilau, chapati, soda. Fedha hazikutosha, basi nyingine niliiandikisha kwenye daftari ya deni. Mke wangu sikumwuliza; nilitaka kumshangaza. Kweli alikwenda Misa, na siku ile tulifurahi. Lakini Januari ilipofika, mwenye deni alikuwa mlangoni kabla ya karo ya shule kulipwa. Mtoto wetu mkubwa alichelewa kurudi darasani majuma mawili.

Basi nilikuwa nimekosea tena, na kosa lilikuwa lile lile. Mara ya kwanza niliamua peke yangu kupika. Mara ya pili niliamua peke yangu kununua.

HESABU YENYEWE

Mwaka wa tatu tulikaa chini wote wawili na karatasi moja. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Ikiwa mnara wahitaji hesabu, hata karamu yahitaji.

Nitawaonyesha tulivyofanya. Bei ninazotoa hapa ni za mfano tu, maana bei hupanda na kushuka. Ninyi ziandikeni bei za duka lenu.

Tuchukue chapati 40. Tuseme muuzaji anauza moja kwa shilingi 25. Jumla ni shilingi 1,000.

Tukipika wenyewe, kilo 4 za unga hutoa chapati 40 hivi. Tuseme pakiti mbili za kilo mbili mbili ni shilingi 400, mafuta shilingi 240, chumvi na sukari kidogo shilingi 20. Jumla ni shilingi 660. Hapo baba wengi huweka kalamu chini na kusema, "Tumeokoa shilingi 340!"

Ngojeni kidogo. Makaa je? Tuseme shilingi 150. Maji ya kukandia na kuoshea vyombo? Shilingi 20. Sasa jumla ni 830. Kumbe akiba ni shilingi 170, nusu ya ile tuliyojisifia.

Halafu kuna saa. Chapati moja juu ya kikaango huchukua dakika tatu hivi. Chapati 40 ni dakika 120, yaani saa mbili kamili mbele ya moto. Ongeza kukanda, kuacha unga ulale, kukata madonge na kusukuma: saa nne zimekwisha. Saa nne za mama, katika joto la Lodwar, kwa akiba ya shilingi 170.

Sasa tutazame nyama. Tuseme kilo ya nyama iliyochomwa hotelini ni shilingi 1,000, na kilo ya nyama mbichi ya mbuzi ni shilingi 600. Kwa kilo 6, hotelini utalipa 6,000. Ukichoma nyumbani, nyama ni 3,600 na makaa 200, jumla 3,800. Umeokoa shilingi 2,200.

Mnaona? Tulikuwa tukigombana juu ya chapati, kumbe fedha zilikuwa zinatoka kwenye nyama.

Sababu yake si ngumu. Unga wa ngano, sukari na mafuta hutufikia kwa lori kutoka upande wa Kitale, safari ya kilometa 300 hivi hadi Lodwar, na nyingine 120 hivi hadi Kakuma. Gharama ya njia hiyo humpata mama wa nyumbani sawasawa na inavyompata muuzaji. Lakini muuzaji hununua unga mwingi kwa pamoja, na jiko analoliwasha hutoa chapati mia mbili, wakati wewe waliwasha kwa arobaini tu. Mbuzi lakini ni wa hapa hapa. Anayeuza nyama iliyochomwa hukuongezea kodi ya nyumba, mshahara wa wahudumu na faida yake. Hana kosa, ni kazi yake. Lakini kazi ile ya kuchoma, wewe baba waijua tangu utoto.

Basi uamuzi wetu ulikuwa huu: chapati tununue, nyama tuchome wenyewe. Na mwenye kuchoma ni mimi.

GHARAMA ISIYOANDIKWA

Waume wenzangu, hapa naomba mnisikilize. Sisi husema, "Kuni ni bure, ameokota." Kuni za bure hulipiwa kwa miguu na mgongo. Husema, "Maji ni bure, ameyachota." Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 kichwani. Husema, "Mama yupo tu nyumbani." Je, siku ya sikukuu yeye si Mkristo kama wewe? Hana haki ya kukaa mbele ya pango la Mtoto Yesu bila kufikiria chungu kinachoungua?

Mara nyingi tunapoisoma habari ya Martha na Maria, katika Luka sura ya 10, sisi wanaume tunamcheka Martha kwa kuhangaika. Lakini ni wangapi kati yetu tungekubali kula siku ile kama Martha naye angeketi chini? Bwana hakumwambia Martha kwamba chakula ni kitu kibaya. Katika Yohane sura ya 12 tunamkuta tena akihudumu, na hakuna anayemkemea. Kinachoumiza katika habari ile ya kwanza ni kwamba alijiona ameachwa peke yake. Mke anayeachwa peke yake jikoni huanza kuichukia sikukuu yenyewe.

Nanyi akina mama, nisiwapendelee. Kuna mama anayekataa kununua hata mkate kwa kuwa anaogopa shemeji na jirani watasema hajui kupika. Kuna mwingine anayetaka pilau ya hoteli kwa sababu mwenzake alinunua mwaka jana. Wote wawili wanapikia macho ya watu. Usimwongezee mume wako deni, wala usijiongezee mwenyewe uchovu, kwa ajili ya maneno yatakayosahauliwa kabla ya Mwaka Mpya.

Kuna gharama nyingine ya kufichika, nayo ni chakula kinachotupwa. Desemba ni joto kwetu; mchana hufika hata nyuzi 35. Wataalamu hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kisizidi saa moja. Mkate na chapati kavu huvumilia. Nyama, wali, mchuzi na maziwa havivumilii. Kwa hiyo asiye na friji asipike sufuria mbili za mchuzi ili aonekane tajiri. Chinja asubuhi ya siku yenyewe, choma kwa awamu kadiri wageni wanavyofika, na nyama inayobaki igawanyeni kwa majirani siku hiyo hiyo.

KUNUNUA NAKO KUNA ADABU YAKE

Ukiamua kununua, usisahau kwamba nyuma ya chapati ile kuna mama mwingine. Huenda yuko katika jumuiya ndogo ndogo ya kwenu. Ukimwagiza usiku wa mkesha, umeuhamisha mzigo wa mke wako ukamtwika yeye. Mwagize siku kadhaa mapema, achukue chapati zako mchana wa tarehe 24, naye apate kuoga na kwenda Misa na watoto wake. Mlipe anapokupa, wala usimbane kwa shilingi mbili mbili. Kwako ni punguzo, kwake labda ndiyo soda ya mtoto.

Na usinunue sikukuu kwa deni. Fedha ikiwa haitoshi, punguzeni karamu. Chai ya maziwa, nyama kidogo na nyumba yenye amani ni Noeli kamili. Mtoto hatakumbuka idadi ya sahani, lakini atakumbuka kama baba na mama walikuwa wakicheka au wamenuniana.

FANYENI HIVI

1. Juma la kwanza la Majilio, ketini wawili watoto wakiisha kulala. Andikeni kwanza karo ya Januari na madeni yaliyopo, kisha kiasi kinachobaki kwa sikukuu.

2. Andikeni wageni mnaowatazamia, upande wa mume na upande wa mke, bila kunung'unika.

3. Kila chakula kipigieni hesabu mara mbili: bei ya kununua, na bei ya kupika pamoja na makaa, maji na saa za kazi. Kando ya kila kazi andikeni jina la atakayeifanya.

4. Kama jina moja limejaa ukurasa mzima, gawanyeni upya, au nunueni chakula hicho.

5. Hakikisheni kwamba hakuna jina linalofanya kazi saa ya Misa.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha wanandoa maneno matatu ambayo familia haiwezi kuishi vizuri bila hayo: naomba, asante, na nisamehe. Nimeona kwamba yote matatu yanafaa jikoni. Naomba, kabla ya kuamua. Asante, sahani inapowekwa mezani. Nisamehe, kwa ile miaka tuliyohesabu vibaya.

Mimi nililisema hilo la tatu Majilio ya mwaka ule wa tatu, kabla ya kushika kalamu. Mke wangu alicheka, akasema, "Basi andika jina lako kwenye mbuzi." Nikaliandika. Usiku wa mkesha tuliingia kanisani pamoja, na mahali pake hapakuwa wazi.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Noeli iliyopita, nani alichoka zaidi katika nyumba yetu? Je, alishukuruwa?

2. Ni chakula gani tunachokipika au kukinunua kwa ajili ya macho ya watu tu?

3. Ni kazi gani moja ya sikukuu ambayo mume ataichukua mwaka huu kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na kuosha vyombo?

Mungu azibariki ndoa zenu, na Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Noeli njema!