Kizibo cheusi cha zamani, kitolewe?

SWALI: Magego yangu mawili ya chini yalizibwa kwa madini nikiwa sekondari. Hayaumi, ila nikicheka weusi unaonekana, na mwenzangu kazini anasema ile ni zebaki, inanipa sumu polepole. Niyabadilishe yawe meupe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Zebaki imo kweli, karibu nusu ya uzito wa kizibo. Kilichobaki ni fedha, bati na shaba. Lakini imeshashikamana na madini hayo, na mvuke unaotoka ukitafuna ni mdogo sana. Mvuke huongezeka siku kizibo kinapochimbwa. Isitoshe, kila kinapotolewa, jino hupoteza sehemu nyingine iliyokuwa nzima.

Huenda mwenzako amesikia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, au kwamba Umoja wa Ulaya umeacha kuyatumia madini hayo tangu 2025. Hayo yanahusu vizibo vipya, hasa kwa ajili ya mazingira. Hakuna aliyeagiza watu wachimbuliwe vya zamani.

Sababu ya kubadilisha ni kizibo kuvunjika, jino kupata ufa, ukingo kuachia hadi chakula kinanasa, au eksirei kuonyesha uozo chini yake. Kama u mjamzito au unanyonyesha na hakuna tatizo, subiri.

Kutaka kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja nako ni sababu, sikubezi. Ila ujue kazi ilivyo. Daktari hupaka tindikali, husuuza, hukausha, hupaka gundi, kisha hupanga dawa nyeupe tabaka kwa tabaka, kila moja kama milimita 2, akiikausha kwa mwanga wa buluu. Mate yakipenya katikati ya kazi, gundi haishiki vizuri, na uozo hupata njia pembeni. Kwenye gego la nyuma, ulimi na mate havitulii. Muulize kabla hujalipa: utalikingaje jino na mate? Wengine hutumia kipande cha mpira, wengine pamba na mrija wa kufyonza. Akikujibu “usijali, mama”, mimi ningetafuta mwingine.

Ukibadilisha, jino linaweza kushtuka kwa maji baridi siku kadhaa. Hilo ni kawaida. Lakini ukiuma na kuhisi jino hilo linatangulia mengine, rudi wiki hiyohiyo lipunguzwe. Usingoje lizoee.